Pangaboi

Wimbo wa Kasuku ulijulikana kuliko Kasuku mwenyewe, na jambo hilo lilimtafuna mkewe kwa miaka. Ulipigwa redioni tangu enzi za redio za mbao. Ulipigwa harusini mpaka ndoa zikavunjika, wenyewe wakaoana na wengine, na huko nako wakaupiga ule ule. Kwenye duka moja la dawa palikuwa na ndege kasuku, kasuku wa manyoya, aliyeuimba mwanzo mpaka mwisho na kukohoa pale pale ambapo mwenyewe alikohoa siku ya kurekodi. Asiyeamini basi.

Lakini sura ya aliyeuimba hakuna aliyeijua. Enzi zile mwimbaji alikuwa sauti, na sauti haina pua. Hata nyumbani picha yake ilikuwa moja tu, ya siku ya ndoa, na mpigapicha alimwotea akiwa amefumba macho, kwa hiyo ukutani alionekana kama bwana harusi aliyeletwa akiwa usingizini.

Ikafika siku akazuka Kasuku mwingine. Jamaa alizunguka miji ya mbali na suti nyeupe na miwani ya jua, akaimba wimbo ule, akatia saini kwenye mikono ya wasichana. Kasuku wa kweli alipopata habari alivaa shati lake la kijivu, akapanda basi, akakata tiketi ya onyesho kama watu wengine na kukaa kiti cha nyuma. Mkewe alimsubiri mlangoni siku ya pili yake, yuko tayari kusikia habari za ngumi na polisi. Kasuku alivua viatu taratibu, akavipanga, ndipo akasema, "Jamaa anajitahidi."

Kisha akacheka. Cheko la Kasuku lilikuwa na utaratibu wake: pembe ya kushoto ya mdomo ilitangulia kupanda, kama pazia linalofunuliwa na mtoto mtukutu, halafu mwanya ukachungulia, na uso wote ukafuata nyuma kama umechelewa. Mkewe, Mama Pacha, aliolewa kwa sababu ya cheko hilo. Alipewa jina la Mama Pacha baada ya kuzaa mapacha, na mapacha wenyewe walikwishakua wakaenda zao, wamebakiza jina tu. Alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa chake, na futi ya kupimia ilikaa shingoni mwake hata alipokwenda msibani.

Maradhi yalianzia kwenye kijiko. Siku moja wakiwa mezani kijiko cha Kasuku kilianza kugonga sahani, ti-ti-ti-ti, naye akadai anakumbuka mapigo ya ngoma fulani ya zamani. Kesho yake ngoma ikapigwa tena. Baadaye ikawa inapigwa hata pasipokuwa na kijiko, mkono wa kulia umelala pajani unatetemeka wenyewe, kama mkono wa mtu mwingine aliyeazimwa mwili.

Daktari alikuwa kijana mwenye kiti cha kuzunguka, na alizunguka nacho wee kabla hajasema. Aliwaita kwa heshima, "wazee wangu". Akaeleza kwamba mkono umeanza, miguu itafuata, sauti itapungua, na kwamba dawa zitapunguza mwendo lakini hazitafunga njia. Mama Pacha akauliza kama basi yameishia hapo. Daktari akaacha kuzunguka.

"Na uso, mama. Uso nao huja ukaganda. Atacheka moyoni, lakini nyinyi hamtaona kitu."

Njiani Kasuku alisema sasa atawafilisi wote kwenye karata, maana nani atamsoma?  Mama Pacha alikuwa anaupekua moyo wake kama mtu anayepekua kabati, akitafuta ni wapi uso ule umewekwa, na kila alipofungua alikuta ile picha ya macho yaliyofumba.

Ndiyo maana alifunga safari mpaka kituo cha televisheni. Alipokelewa na msimamizi wa muziki, kijana mwenye adabu zake, ambaye alipousikia wimbo tu aliuimba kiitikio chote akiwa amesimama. Kisha akakaa na kusema, mama yangu, wimbo tunaupenda, lakini tutaonyesha nini? Skrini nyeusi? Alimweleza bila dharau kwamba siku hizi wimbo husikilizwa kwa macho. Anayeandaa tamasha hutazama video kwanza ndipo amwalike msanii, na watu wanapotumiana nyimbo kwenye simu kitu wanachotumiana hasa ni picha. Msanii asiye na video, alisema, ni kama mtu anayeita akiwa nyuma ya ukuta: watasikia kuna mtu, hawatajua ni nani.

Mama Pacha alitoka pale na shauri moja kichwani. Uso wa mumewe utaingia kwenye video kabla haujafungwa. Watu watamjua, na yeye atabaki na kitu cha kutazama.

Mtengenezaji wa video aliyempata aliitwa Kata, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolitumia kuliko yote. Ilisemekana hata kinyozi wake alimkataza kuongea akiwa kitini. Walipatana hivi: Mama Pacha atawashonea wachezaji wake wote nguo za msimu mzima, na yeye atamrekodi Kasuku. Kuhusu maradhi hakuambiwa. Hilo lilikuwa sharti la Kasuku, na kwa jambo hilo alikuwa mkali kama wembe. Hakutaka kuonewa huruma ndani ya video yake mwenyewe.

Basi Mama Pacha akashona suruali ya pekee. Mfuko wa kulia ulikuwa na kina cha kuingiza mkono mpaka kifundo, na ukingo wa mkono wa shati aliutia nyuzi chache kwenye mdomo wa mfuko, kwa ndani, zisionekane. Kwa nje Kasuku alikuwa bwana mtanashati aliyeweka mkono mfukoni, na huko ndani mkono ulitetemeka utakavyo.

Walirekodi kwenye ghala lililowahi kuwa la soda. Sakafuni mlikuwa bado na alama za kreti, na juu palikuwa na pangaboi la zamani lililozunguka kivivu kiasi cha inzi kulipanda kupumzika. Kata alitandika kitambaa cheupe, akasimika taa, akaeleza ufundi wake huku akijikuna ndevu kwa raha. Picha zote zitaelea. Ili picha ielee bila mdomo kupishana na wimbo, kamera hunasa haraka na wimbo huchezwa mbio maradufu, mwimbaji naye afuatishe mdomo kwa mbio hizo hizo. Baadaye picha ikipunguzwa mwendo, mdomo unarudi kwenye wimbo wake, lakini nguo na nywele na vumbi vinabaki vinaelea kama viko ndani ya maji. Mtu mzima akielea, alisema Kata, anakuwa na heshima ya mfalme.

Wimbo ukawashwa. Sauti nzito ya Kasuku ikatoka kama ya kitoto kilichobanwa mlangoni. Wachezaji waliangua kicheko, na Kasuku mwenyewe alicheka mpaka akainama. Lakini walipoanza kazi, mdomo haukuwahi. Kila mstari ulimkuta bado yuko kwenye mstari uliopita. Kata akakata. Wakarudia, akakata. Akamuuliza mzee kwa upole kama ameusahau wimbo wake, na wachezaji wakatazamana. Mama Pacha, aliyekuwa amekaa juu ya kreti na sindano zake, alitaka kusimama aseme. Kasuku alimtupia jicho, naye akabaki pale pale kwenye kreti.

"Na huo mkono utoe mfukoni, mzee," alisema Kata. "Unasimama kama baba mwenye nyumba aliyefuata kodi."

Kasuku akasema mkono uko vizuri ulipo. Wimbo ukaanza tena, mbio, naye kwa kujitahidi kuufukuza akajisahau, akageuka kwa nguvu, nyuzi zikakatika, na mkono ukachomoka. Ukabaki hewani unatetemeka mbele ya taa zote.

Kata hakusema kata. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake, na waliokuwepo wanaapa kwamba pangaboi lilisimama. Aliinama kwenye skrini yake ndogo, akarudisha ile picha na kuipunguza mwendo. Mama Pacha alikuwa amefika na pini mdomoni, tayari kuushona ule mfuko upya, naye akaona. Ule mtetemo uliokuwa ukigonga sahani ulikuwa umegeuka kitu kingine. Mkono ulipanda na kushuka polepole, vidole vikifuatana kimoja baada ya kingine, kama mkono wa mtu anayempigapiga mtoto mgongoni ili alale. Ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Kata akauliza hiyo staili ameitoa wapi. Kasuku alimtazama mkewe, kisha akatazama juu kama mtu anayesoma ubao.

"Ya zamani hiyo," akasema. "Yaitwa Pangaboi."

Mama Pacha hakusema kitu. Baadaye alijiambia ni zile pini zilizomfunga mdomo.

Kutwa nzima ikawa ni mkono. Mkono kwa mbele, kwa nyuma, kivuli cha mkono kwenye kitambaa, wachezaji wakijifunza kuupunga. Jua lilipoanza kuteremka madirishani, Mama Pacha alimfuata Kata pembeni na kumwomba jambo moja. Amrekodi uso. Bila kuelea, bila madoido, uso wa mtu anayeimba wimbo wake. Kata, ambaye hakuwa mtu mbaya, akakubali mara moja. Akairudisha kamera kwenye mwendo wa kawaida na kuisogeza karibu.

Mama Pacha alisimama nyuma ya kamera, akamtazama mumewe machoni, akaanza kutamka maneno ya wimbo bila sauti, kama anavyomwongoza mwanafunzi kwenye cherehani, mguu huu, sasa huu. Na Kasuku akamfuata. Alikuwa ameshazizoea zile mbio, na sasa mdomo wake ulikamata kila neno. Kiitikioni pembe ya kushoto ikapanda, mwanya ukachungulia, uso wote ukafuata. Aliimba hivyo mpaka mwisho, akimwimbia mwanamke mwenye futi shingoni. Wachezaji walipiga makofi. Mama Pacha alirudi nyumbani siku ile mwepesi kama aliyetua mzigo.

Kata aliwaita kutazama kazi ilipokwisha. Chumba chake cha kuhariri kilikuwa kidogo kiasi kwamba Kasuku alibaki mlangoni akichungulia kupitia bega la mkewe. Video ilikuwa ya kupendeza, hakuna ubishi. Mkono ulielea, vitambaa vilielea, vumbi lenyewe lilielea. Kasuku alionekana mgongo, akaonekana sikio, akaonekana kivuli. Wimbo ukaisha.

"Uso uko wapi?" aliuliza Mama Pacha.

Kata akajikuna ndevu, safari hii bila raha. Akafungua kipande kile. Kwenye skrini Kasuku alikuwa anatafuna maneno upesi upesi kama mbuzi aliyeiba karatasi, huku wimbo ukienda taratibu zake. Kata akapunguza mwendo wa picha, na uso ukaanza kurukaruka kama wa mtu anayepita nyuma ya uzio. Alieleza kwamba kamera aliirudisha kwenye mwendo wa kawaida, lakini wimbo aliusahau. Uliendelea kuchezwa mbio.

"Na hakuna aliyesikia?"

Hakuna. Walikuwa wameusikia ukiwa hivyo tangu asubuhi, masikio yote ghalani yameshaukubali. Wachezaji hawakusikia, Kata hakusikia. Mama Pacha akakumbuka midomo yake mwenyewe nyuma ya kamera, jinsi alivyoyatamka yale maneno mbio mbio, na jinsi alivyofurahi kwamba mumewe anaweza kumfuata. Yeye ndiye aliyemwongoza.

Kata akasema usijali, mama, video ijayo tutaujaza uso mtupu. Akamtilia kile kipande kibovu kwenye simu, maana aliomba.

Kilichotokea baada ya hapo kila mtu anakijua. Pangaboi ilishika nchi kama surua. Wachezaji wa mpira walifunga bao na kupunga mkono polepole mbele ya jukwaa. Watoto walipungana malangoni mwa shule. Maharusi walikata keki kwa Pangaboi na kisu kikachukua nusu saa kufika chini. Kuna askari wa barabarani aliyeongoza magari kwa Pangaboi, madereva wasijue kama wameruhusiwa au wanaagwa, na foleni ile wengine wanasema haijaisha mpaka leo. Wimbo mkongwe ukawa mpya. Televisheni ziliuonyesha asubuhi na jioni, na kila ulipoonyeshwa Kasuku alizima sauti na kutazama mkono wake ukielea, huku wenyewe ukigonga ukingo wa kiti.

Wateja wa Mama Pacha walikuja na video kwenye simu wakitaka mashati ya mikono mipana kama ya yule wa Pangaboi. Aliwapima. Mumewe alikaa pale pale penye mwanga wa dirisha, na hakuna mteja aliyemgeukia.

Kata alikuwa na kazi mpaka puani, kila msanii anataka kuelea. Lakini hakusahau. Siku alipokuja na kamera yake aliisimamisha katikati ya vitambaa na majora, akahakikisha mwendo wa kamera, akahakikisha mwendo wa wimbo, akamwomba Mama Pacha naye asikilize ahakikishe. Kila kitu kilikuwa sawasawa. Kasuku aliketi kwenye kiti cha wateja. Mdomo ulijongea kidogo, sauti ikitoka kama ya mtu aliye chumba cha pili. Kata alingoja kiitikio, kisha akanyanyua kichwa.

"Tabasamu kidogo, mzee wangu."

"Nacheka," alisema Kasuku.

Kata aliendelea kushika kamera kwa muda. Halafu akamtazama Mama Pacha, akautazama mkono pale pajani, na ukaonekana mwili wake wote ukielewa. Akazima taa moja baada ya nyingine. Alitaka kusema neno na akashindwa, yeye mwenye neno moja tu maishani.

Mwaliko wa tamasha ulikuja baadaye. Lilikuwa tamasha la mchana, uwanjani, na Kasuku alitakiwa kupanda jukwaani na kuonekana tu, wimbo ukichezwa na skrini kubwa nyuma yake. Mama Pacha alimshonea koti jeupe. Kata aliahidi kuwapokea kwenye mlango wa wasanii, lakini walipofika hakuwepo, na simu yake iliita bila kupokewa, kwa kuwa ndani spika zilikuwa zinatikisa hata mabati ya uzio.

Mlangoni palikuwa na mlinzi mmoja mnene, mpole, mwenye jasho. Mama Pacha alimwambia huyu ndiye Kasuku. Mlinzi alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mama yangu, tangu asubuhi wameshakuja Kasuku wangapi hapa. Na wewe unaniletea mwingine."

Alimwomba Kasuku aimbe kidogo. Kasuku akaimba, na mlinzi akainamisha sikio, akasema hasikii. Alimtazama usoni akitafuta dalili, na uso haukumpa kitu. Ndani watu walianza kupiga kelele, kisha mwanzo wa wimbo ukasikika, ule wenyewe, na juu ya uzio ukaonekana ukingo wa skrini kubwa na vidole vikipanda na kushuka.

Mlinzi alitazama huku na huku. Alikuwa na moyo mzuri, alitaka kuwasaidia. Akasema basi, mzee, nifanyie Pangaboi, nikiridhika nakupitisha.

Kasuku akautoa mkono mfukoni.

Ulitetemeka mbele ya mlinzi, haraka, kwa mapigo ya kile kijiko. Mlinzi aliutazama kwa makini, jinsi mtu anavyotazama kazi ya mwanafunzi. Kisha akacheka kidogo, bila ubaya.

"Sivyo, baba. Unaharakisha mno. Iachie. Inatakiwa ielee."

Akaweka rungu lake chini. Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili minene, kwenye kifundo na chini ya kiganja, akaanza kuupandisha na kuushusha taratibu, akimhesabia kwa sauti ya chini ili afuate wimbo. Ndani ya mikono ile mtetemo ulitulia. Ulipanda mkono, ukashuka, vidole vikafuatana. Umeona, alisema mlinzi, nyumbani endelea na mazoezi. Uwanja mzima nyuma yake ulikuwa unaimba.

Mama Pacha alikuwa na simu mkononi. Alikuwa na kile kipande cha Kasuku anayetafuna maneno kama mbuzi, na alijua kabisa kwamba mlinzi akikiona atacheka tena. Akairudisha simu kwenye mkoba. Akamshukuru mlinzi, akamshika mumewe kiwiko, wakaanza kurudi kando ya uzio kwa hatua fupi za Kasuku. Wimbo uliwafuata mpaka penye kona, pamoja na kile kikohozi.

Hapo Kasuku alisimama. Alikuwa anasema kitu, na mkewe akasogeza sikio karibu na mdomo wake ili asikie.

"Jamaa anajitahidi," alinong'ona.

Mama Pacha alirudi nyuma hatua moja akamtazama, kwanza ile pembe ya kushoto, kisha mahali pa mwanya, kisha uso wote. Alitazama kwa muda mrefu. Halafu akamfunga kifungo cha koti kilichofunguka, wakaendelea.